Kifo Hakiishii kwa Panya

Kisheria, panya anayekula mahindi ya mama yangu kule Hanang ni mali ya umma. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyama wote nchini, ukiondoa wale wa kufugwa, ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Walioandika kifungu hicho bila shaka walikuwa wakifikiria tembo na twiga, lakini maneno yao hayamtoi panya. Niliwahi kumweleza mama habari hii. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza huyo mdhamini atakuja lini kuchukua mali yake, kisha akaendelea kupukuchua mahindi.

Swali lake ni zito kuliko linavyosikika. Kanuni zilizotungwa mwaka 2011 chini ya sheria hiyo zinampa mkulima kifuta jasho tembo au kiboko anapoharibu shamba, na familia inapata kifuta machozi mnyama hatari anapoua mtu. Panya hayumo. Kwelea kwelea hayumo. Lakini watafiti wa Morogoro wamekuwa wakitaja kwa miaka mingi makadirio kwamba panya huchukua wastani wa asilimia 15 ya mavuno ya mahindi nchini. Shamba ambalo lingetoa magunia 20, matatu ni yao. Kwa mkulima wa Mbulu au Hanang, mnyama anayemla kila mwaka ndiye ambaye sheria haimlipii. Ameachiwa ruhusa ya kuua, basi.

Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma historia ya wilaya hizi mbili kwa kuwafuata wanyama tunaowaita waharibifu. Jambo moja limenirudia kila mara: pale walipouawa kwa pupa, kifo hakikuishia kwao. Kilihamia kwa kiumbe mwingine, mara nyingi mtu, ambaye hakuulizwa.

Tuanze na Mbulu, na tauni. Shuleni tulifundishwa tauni kama habari ya Ulaya ya karne ya 14, na miji iliyobaki bila watu wa kuzika wafu. Hatukuambiwa kwamba kumbukumbu za kitabibu za nchi yetu zinaurudisha ugonjwa huo hadi mwaka 1886. Hatukuambiwa pia kwamba Robert Koch, yule Mjerumani wa kifua kikuu, alishughulikia tauni ya Kiziba, Bukoba, mwishoni mwa miaka ya 1890. Lushoto ilisumbuliwa nayo kuanzia mwaka 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wagonjwa walioandikishwa walizidi 7,000. Kisha mwaka 2007 ikazuka Mbulu, na katika miaka iliyofuata ikarudi tena. Mtu alipata homa kali, akavimba mitoki kwenye kinena au kwapani, na asipopata dawa mapema alikuwa hatarini kufa ndani ya siku chache. Dawa zipo, ni antibayotiki za kawaida. Kinachoua ni kuchelewa.

Mara tauni inapotajwa kijijini, watu wanataka kuua panya. Ni haki yao kutaka hivyo, maana panya ndiye anayeonekana. Lakini anayebeba bakteria kutoka panya hadi kwa binadamu ni kiroboto. Alexandre Yersin aliitambua bakteria ya tauni Hong Kong mwaka 1894, na Paul-Louis Simond akamtaja kiroboto akiwa Karachi mwaka 1898. Kiroboto hunyonya damu ya panya aliye hai. Panya akifa na mwili ukapoa, kiroboto anaondoka kutafuta damu nyingine yenye joto. Kama panya hamsini wamekufa kwa sumu usiku mmoja ndani ya dari na nyuma ya magunia, viroboto wao wote wanahama kwa pamoja, na aliye karibu zaidi ni mtoto aliyelala sakafuni. Ndiyo maana wataalamu wa afya wana utaratibu ambao hauvunjwi wakati wa mlipuko: kwanza unaua viroboto kwa dawa ya unga, kwenye mashimo na njia za panya na ndani ya nyumba. Panya wanafuata baadaye.

Natamani utaratibu huu ungefundishwa shule za msingi. Anayemwaga sumu ya panya katikati ya mlipuko anadhani anailinda familia yake, kumbe anaifungulia mlango. Nia yake ni safi kabisa. Hakuna sheria niijuayo ambayo ingemtia hatiani, na hata ingekuwepo, nisingependa aadhibiwe. Kosa liko kwetu sisi tulioyajua haya tukayafungia kwenye majarida ya kisayansi ya Kiingereza.

Wairaqw wa Mbulu walikuwa na namna yao ya kufikiria jinsi kifo kinavyosafiri. Ipo desturi iitwayo metimani: mtu aliyepatwa na msiba wa aina fulani hukaa kando kwa muda. Haingii nyumba za wengine, mifugo yake haichanganywi na ya majirani, hadi muda uliowekwa uishe. Wageni wengi waliiandika kama ushirikina. Siwezi kudai kwamba wazee walijua habari za bakteria. Ninachoweza kusema ni kwamba walikuwa na wazo ambalo sumu ya dukani haina, kwamba kifo kikitokea mahali, majirani wana haki ya kulindwa dhidi ya kitakachofuata.

Tawala za kikoloni zilikuwa na mawazo mengine. Mwaka 1902 Wafaransa wa Hanoi waliamua kulipa fedha kwa kila mkia wa panya. Mikia ililetwa kwa maelfu. Baada ya muda maofisa wakaanza kuona panya wasio na mikia wakikimbia mitaani, maana wawindaji walikata mikia na kuwaachia wakazaliane. Wengine walifuga panya kabisa. Mwaka huohuo tauni ilipoingia Nairobi, iliyokuwa bado mji mchanga wa reli, utawala wa Kiingereza ulichoma moto Bazaar, mtaa wa maduka na makazi ya Wahindi. Hanoi walihesabu mikia wakadhani wanahesabu afya. Nairobi walichoma nyumba za watu ili kumfikia panya, na ni dhahiri kwamba nyumba za watawala hazikufikiriwa kuwa kuni. Ukitaka kujua nani hana nguvu katika mji fulani, tazama nyumba ya nani inachomwa kwa ajili ya panya.

Hapo ndipo tunaposhuka kutoka vilima vya Mbulu kwenda uwanda wa Basotu, Hanang, ambako habari ni ya ngano. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali, kwa msaada wa Kanada, ilianza kulima ngano kwa matrekta makubwa kwenye ardhi iliyokuwa malisho ya Wabarabaig. Yalifika mashamba saba, chini ya shirika la umma lililojulikana kama NAFCO, na kwa jumla yalimeza karibu ekari 100,000. Wabarabaig walikuwa na mzunguko wao wa malisho, na sehemu bora kuliko zote waliiita muhajega, bonde lenye rutuba walikolisha kwa msimu. Sehemu kubwa ya muhajega ndiyo iliyolimwa. Hata makaburi ya wazee wao, yale marundo ya udongo yaitwayo bung'ed, mengine yalipitiwa na majembe ya trekta.

Shamba kubwa la zao moja la nafaka ni karamu, na walafi wake hawahitaji barua ya mwaliko. Kwelea ni ndege mdogo, hana uzito wa yai la kuku. Hula gramu 10 hivi kwa siku. Peke yake si kitu, lakini hatembei peke yake: kundi la ndege milioni 1 linakula tani 10 kwa siku, na makundi makubwa kuliko hilo yapo. Dhidi yao serikali za Afrika Mashariki zimetegemea zaidi ndege za kunyunyizia, zikiwemo za DLCO-EA, shirika lililoundwa mwaka 1962 kwa ajili ya nzige wa jangwani. Ndege hupita jioni juu ya malalo ya kwelea na kumwaga dawa iitwayo fenthioni. Ni sumu ya mishipa ya fahamu. Asubuhi chini ya miti kunakuwa na zulia la ndege waliokufa na wengine wanaotapatapa.

Wanaofika asubuhi hiyo ni wengi. Mwewe na tai wanakuja kula waliokwisha kufa. Bundi alikuwa pale tangu usiku. Na watu pia wanakuja, maana kwelea ni kitoweo, na mwenye njaa haoni sumu iliyomo ndani ya nyama. Kwa zaidi ya miaka kumi nchi zilizotia saini Mkataba wa Rotterdam zilibishana kama fenthioni ya kunyunyizia kwa ndege iingizwe kwenye orodha ya kemikali ambazo nchi lazima iarifiwe na kuridhia kabla hazijaingia. Iliingizwa mwaka 2025. Tafakari urefu wa mjadala huo: dawa ilikuwa imekwisha kumwagwa Afrika kwa miongo kadhaa kabla dunia haijakubaliana kwamba anayeletewa anastahili kuulizwa.

Sasa niseme jambo ambalo limenifanya niandike makala hii. Kwenye uwanda wa Basotu, orodha ya waharibifu haikuishia kwa kwelea na panya. Mfugaji aliyepitisha ng'ombe kwenye njia ya babu yake kwenda kwenye maji au chumvi alikuta njia imekuwa ngano, na yeye amekuwa mvamizi. Yapo maandishi ya kutosha, ya watafiti na ya mahakamani, kuhusu faini, mifugo kukamatwa, maboma kubomolewa na watu kupigwa. Mwaka 1981 wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda Mahakama Kuu Arusha, na wakapata ushindi wa sehemu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua. Kijiji, ilisema, hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi ile, na wadai mmoja mmoja hawakuthibitisha kwamba walikuwa wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza. Watu wa Hanang walitakiwa walete ushahidi kwamba wao ni wenyeji wa Hanang.

Kanada ilijiondoa kwenye mradi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mashamba yakaanza kudorora. Kwelea wangali wanakuja nchini, maana hawana habari na mikataba.

Simaanishi kwamba Mbarabaig na kwelea ni sawa, wala kwamba rubani wa ndege ya dawa na askari wa shamba ni mtu mmoja. Ninachokiona ni kwamba neno "mharibifu" halielezi maumbile ya kiumbe. Linaeleza kiumbe amesimama upande gani wa mpaka uliochorwa na mwenye nguvu. Likishazoeleka kwenye mdomo wa mwenye shamba, ni rahisi sana kulinyoosha likamfikia jirani.

Maswali ya kimaadili kuhusu panya mwenyewe yapo pia, na siyakwepi. Nilimuuliza mama kama anadhani panya anaumia. Akasema, "Anaumia, kwa nini asiumie? Ana tumbo kama mimi. Ila hakulima." Sijasoma mwanafalsafa aliyeliweka vizuri zaidi. Hakulima, kwa hiyo mama ana haki ya kulinda alicholima. Ana tumbo, kwa hiyo haki hiyo ina kikomo, na kikomo ni namna ya kuua. Mtego wa kubana unaoshika vizuri shingoni unaua kwa sekunde. Sumu za kisasa zinazozuia damu kuganda huchukua siku kadhaa, panya akivuja damu ndani kwa ndani huku akitembea taratibu, mawindo rahisi kwa paka na bundi. Fosfidi ya zinki inaua haraka zaidi, kwa gesi inayotengenezwa tumboni, lakini haichagui: kuku akila chambo chake anakufa, na mtoto vilevile.

Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo inakataza ukatili. Tunayo Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, iliyounda mamlaka ya viuatilifu yenye makao yake Arusha, na inayotaka kila kiuatilifu kisajiliwe na muuzaji awe na kibali. Kisha nenda mnadani siku yoyote. Utasikia kipaza sauti kikiimba panya, mende, kunguni, viroboto, na kijana akigawa vipakiti visivyo na maandishi unayoweza kuyasoma. Mnunuzi hajui amenunua nini, hivyo hata daktari hatajua amtibu mtoto kwa lipi. Kati ya mtego wa mama na kipakiti kile, mtego ndio ulio karibu zaidi na sheria zote mbili.

Na bundi? Akilia juu ya bati usiku, watu wengi humtupia mawe, maana inaaminika ameleta habari ya msiba. Analala njaa mtu ambaye angeweza kulindwa na ndege huyo bila kulipa hata shilingi. Tumeua bundi kwa mawe, tukaua waliobaki kwa panya wenye sumu, kisha tunashangaa panya wamezidi. Panya shamba jike anaweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa mkupuo mmoja, na watafiti waliomfuatilia Morogoro kwa miaka mingi wameonyesha kwamba mvua za vuli zikiwa nzuri, mlipuko wa panya msimu unaofuata unaweza kutabirika. Jambo linalotabirika halihitaji taharuki. Linahitaji wanakijiji wote kutega pamoja kabla ya kupanda, kwa sababu ukisafisha shamba lako peke yako, panya wa jirani wanahamia kabla ya wiki kadhaa kupita.

Kondoa, wilaya jirani na Hanang kwa upande wa kusini, watu wana namna yao na kwelea: wanawatega kwa vikapu na nyavu, wanawala na kuwauza. Haimalizi kundi la mamilioni, lakini nyama ile haina sumu, na hasara ya mkulima inarudi mezani ikiwa kitoweo. Na Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, ndiko alikozaliwa mwaka 2013 panya buku aitwaye Magawa. Alifunzwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini, akapelekwa Kambodia, na mwaka 2020 akavishwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la kutetea wanyama. Wenzake wananusa kifua kikuu kwenye makohozi. Huyo ni panya, wa ukoo mwingine na yule wa ghalani, lakini angekatiza jikoni kwako ungemrushia kiatu.

Kwa hiyo sishauri tuache kuua panya. Njaa ya Hanang ni ya kweli na tauni ya Mbulu ilikuwa ya kweli. Nashauri tulichukue kwa uzito lile neno la kwenye sheria ambalo wabunge labda waliliandika bila kumfikiria panya. Kama panya ni mali ya umma, basi hasara yake nayo ni ya umma. Mkulima mmoja asiachiwe kuibeba kwa kipakiti cha mnadani. Kihenge cha chuma ambacho panya hawezi kukitoboa kinagharimu kuliko kipakiti, na hapo ndipo fedha ya umma ingeonekana. Dawa ya viroboto ifike kijijini kabla ya sumu ya panya. Kabla ndege ya kunyunyizia haijaruka, watu wa chini yake waambiwe siku, dawa na hatari, kwa lugha wanayoizungumza nyumbani, wapewe na nafasi ya kukataa.

Hiyo ni bajeti, na bajeti hujadiliwa. Ningependa kumsikia mbunge mmoja akisimama kudai kifuta jasho cha panya. Watamcheka ukumbi mzima, lakini kuna watu Basotu ambao hawatacheka.